Ndege si mtakatifu: juu ya ile pindo nyeupe kwenye foto zetu

Wandugu, foto za ndege ziko mingi hapa siku hizi, na zingine ni za nguvu kweli. Lakini kuko kasoro moja yenye inarudia-rudia, na hakuna mwenye anaisema: ile pindo nyeupe inayozunguka ndege, sawa duara ya mwangaza kwenye kichwa cha watakatifu mu picha za kanisa. Chini yake watu wanaandika "foto kali!" Mimi nasema hapana. Huo si ukali, ni uongo mdogo.

Juu ya nini? Programu haiongeze kitu chenye kamera haikukamata. Inatafuta fasi giza inakutana na mwanga, kisha inafanya giza kuwa giza zaidi na mwanga kuwa mweupe zaidi. Kidogo tu, jicho linafurahi. Ukipita mpaka, mstari mweupe unatokea juu ya mgongo wa ndege, wenye hakuna mtu aliuona pale uwanjani. Tena kuko ndugu yake: ukifungua kwa nguvu vivuli vya chini ya mabawa, ao ukitia mbingu giza, wingu la mwanga linabakia kandokando ya ndege.

Wengine watasema kila mtu na ladha yake. Kwa foto ya maua, sawa. Lakini foto ya ndege ni ushuhuda pia. Ndege inaweza kupakwa rangi mpya kesho. Kwa kuitambua tunasoma herufi za usajili, zile zinaanza na 9Q kwa ndege za Kongo. Pindo ikiingia kati ya herufi, C na G zinaanza kufanana. Mwenye atafungua foto hiyo kiisha miaka 20 atasoma nini?

Dawa inaanza mbele ya kompyuta. Jua likuwe mgongoni mwako. Kwa jeti inayoruka, spidi ya 1/1000 ya segonde inatosha mara mingi. Kwa ndege ya helisi, shuka karibu na 1/250, helisi isionekane kama imesimama. Fika asubuhi, mbele joto halijaanza kucheza juu ya lami, maana foto yenye joto imetetemesha, hakuna programu itaiponyesha. Foto ikitoka safi kwenye kamera, haiombi kunolewa sana.

Kiisha pale, punguza ukubwa kwanza, noa mwisho. Radiusi ibaki chini ya pikseli 1, na mbingu usiiguse. Halafu itazame kwa 100% kwenye skrini kubwa, maana kioo kidogo cha telefone kinaficha pindo.

Kati ya foto laini kidogo yenye inasema kweli na ile yenye kung'aa kwa kudanganya, mimi nachagua ya kwanza. Na hapo chini ya foto, tuwe na moyo wa kuambiana hivyo, kwa heshima, pahali pa kupiga makofi tu.