Mdomo Umefungwa, Sauti Inaendelea

Harusi ya Ngamiani, Tanga, siku hizi hairekodiwi kwa chombo kimoja. Ipo kamera kubwa iliyosimamishwa kwenye miguu mitatu, ipo ya pili inayozunguka na wageni, ipo rekoda ndogo iliyochomekwa kwenye miksa ya wanamuziki, na ipo simu ya shangazi wa bibi harusi, ambayo mara nyingi ndiyo pekee iliyoruhusiwa kuingia upande wa wanawake. Kesho yake vyote humiminwa kwenye laptopu moja na mhariri anadaiwa video moja. Hapo ndipo hitilafu inapojitokeza: mwimbaji keshafumba mdomo, sauti yake bado inaendelea.

Enzi za kanda za VHS jambo hili halikuwa na nafasi ya kutokea, kwa sababu picha na sauti zilikaa kwenye utepe mmoja. Ukiusimamisha, vyote vinasimama. Leo mhariri ana vyombo vinne, na kila kimoja kinahesabu muda kwa saa yake.

Na Tanga ni mahali pabaya pa kuwa na hitilafu hii. Huu ni mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, mji uliomkuza mwimbaji Shakila Said, na watu wake wanasikiliza taarab kwa makini. Wimbo wa taarab ni mrefu. Kamera hubaki usoni kwa mwimbaji beti baada ya beti, mgeni akiinuka kwenda kumtunza ndipo picha inapohama. Video ya muziki ya kukatwa kila sekunde mbili huficha kosa la nusu sekunde. Picha ya taarab haifichi kitu.

Dawa inayotumika sana ni kukata klipu na kuisukuma sauti mpaka mdomo ukae sawa. Dakika mbili mbele mambo yameharibika tena, basi kata tena, sukuma tena. Nimeona taimlaini zilizochanjwa hivyo toka mwanzo hadi mwisho, na kwa kweli inasikitisha, maana mhariri amekesha akitibu homa bila kupima. Hitilafu ya sauti na picha ina sababu kadhaa zinazofanana kwa macho, lakini kila moja ina dawa yake. Kinachozitenganisha ni kipimo kimoja kisichohitaji programu yoyote mpya.

Pima mahali patatu: mwanzo, katikati na mwisho wa klipu ndefu. Usipime kwa kukisia. Tafuta kofi, au pigo la tari linaloonekana mkono ukigusa ngozi. Kama hakuna, tafuta herufi b, p au m kwenye maneno ya mwimbaji, kwa sababu hizo haziwezi kutamkwa bila midomo kukutana. Kuza taimlaini mpaka uione fremu moja moja, simama kwenye fremu midomo inapoachana, kisha tazama mchoro wa sauti: mlipuko wa b unaonekana kama kilima kinachoanza ghafla. Hesabu fremu zilizopo kati ya viwili hivyo. Andika kwenye karatasi.

Kama tofauti ni ileile mahali pote patatu, huna ugonjwa wa maana. Rekoda ilianza kabla au baada ya kamera, basi. Sogeza mara moja, funga klipu pamoja, endelea.

Kama tofauti inakua polepole na kwa kipimo, mwanzoni sifuri, katikati ya saa fremu mbili au tatu, mwishoni tano, hizo ni saa mbili zisizokubaliana. Ndani ya kila kamera na rekoda kuna kijiwe cha kwatzi kinachohesabu muda, na viwili havifanani kamwe. Vyombo vikipishana kwa sehemu 50 katika milioni moja, baada ya saa nzima vimepishana sekunde 0.18, yaani fremu nne na nusu kwa kasi ya fremu 25. Kuivuta sauti kwa asilimia ndogo kiasi hicho hakufai katika programu nyingi, kwa kuwa kisanduku cha kasi hakipokei desimali za kutosha. Hapa sasa kukata kunaruhusiwa, ila kwa hesabu: fremu tano kwa saa ni fremu moja kila dakika 12. Tafuta mapumziko kati ya ubeti na ubeti, kata pale, sogeza fremu moja. Hakuna sikio litakalogundua.

Ugumu wenyewe uko kwenye hali ya tatu, tofauti inapokua kwa kurukaruka: dakika tano ipo sawa, ghafla imepotea, mbele imezidi. Mara nyingi hii ni ile simu ya shangazi.

Simu huahidi fremu 30 kwa sekunde lakini haiitimizi ahadi hiyo muda wote. Uani usiku, chini ya taa za rangi, mwanga ukipungua, simu huacha kila fremu ikae wazi muda mrefu zaidi ili picha isiwe giza, na idadi ya fremu inashuka. Ikipata joto inaweza kushuka tena. Mbele ya keki yenye mwanga wa kutosha inapanda. Ndani ya faili kila fremu imeandikiwa muda wake, kwa hiyo ukiicheza kwenye simu yenyewe utaapa kwamba ni nzima. Programu ya kuhariri ndiyo inayoweza kujikwaa, ikichukulia kwamba fremu zote zina urefu mmoja. Tuseme simu imetoa wastani wa fremu 29.9 badala ya 30 kwa dakika 20. Hizo ni fremu 35,880. Zikichezwa kwa 30 kamili zinamalizika kwa sekunde 1,196. Picha imemaliza sekunde nne kabla ya sauti, na kwa kuwa upungufu ulitokea zaidi gizani kuliko kwenye mwanga, kusukuma sauti mara moja hakutasaidia.

Ili uhakikishe, fungua faili kwa MediaInfo, programu ya bure. Itakuambia kama kasi ya fremu inabadilika, na imeshuka mpaka ngapi. Ukishajua, faili hiyo usiiingize kwenye kazi kabla ya kuipitisha HandBrake, nayo ya bure. Mtego upo hapa, na umewanasa wengi: mipangilio inayokuja na HandBrake huichukua 30 kama kikomo cha juu tu, chini yake kasi inaachwa ipande na kushuka. Ukibonyeza kuanza bila kugusa kitu, unasubiri nusu saa na kupata faili mpya yenye ugonjwa uleule. Ingia sehemu ya video, weka 30, kisha chagua kasi isiyobadilika. Kwenye ubora, namba ndogo ndiyo picha nzuri zaidi. 18 inatosha kwa harusi.

Swali linalofuata ni kasi ya kazi yenyewe. Kamera nyingi zilizopo kwetu huwekwa fremu 25, urithi wa mfumo wa PAL na umeme wetu wa mizunguko 50. Katika DaVinci Resolve, ukiingiza klipu ya simu kabla ya zote, programu inauliza kama ubadili kasi ya kazi ifuate klipu hiyo. Kijana anayejifunza hukubali, kwa sababu kukubali huondoa kile kidirisha. Kasi ya kazi ikishawekwa na klipu zikishaingia haibadiliki tena kirahisi, na kamera zote mbili kuu zinageuka wageni katika kazi yao wenyewe. Weka 25 kwanza, kabla ya klipu yoyote. Picha ya simu itapoteza fremu tano kila sekunde na mwendo utakwaruza kidogo. Midomo itakaa.

Wakati mwingine hakuna hitilafu kabisa. Kamera na simu zinazobana picha kwa H.264 au H.265 hazihifadhi kila fremu nzima. Zinahifadhi fremu moja kamili, kisha mabadiliko tu mpaka fremu kamili ijayo, na laptopu dhaifu inashindwa kuzijenga upya kwa wakati. Picha inakwamakwama, sauti inakwenda, mhariri anasukuma sauti iliyokuwa sawa. Kabla ya kugusa chochote toa kipande cha dakika moja kama faili kamili na ukitazame. Kikiwa sawa, tengeneza nakala nyepesi za klipu na uhariri kwa hizo.

Na kama mruko unatokea palepale faili mbili zinapoungana, tazama namna kadi ilivyonakiliwa. Kadi zenye mfumo wa FAT32 hazipokei faili inayozidi gigabaiti 4. Kamera inayorekodi megabiti 50 kwa sekunde hufika hapo kabla ya dakika 12, pengine katikati ya wimbo, na kuanza faili nyingine. Katika kamera za AVCHD, taarifa za kuunganisha vipande zimo kwenye folda nyingine. Aliyechagua faili za video peke yake ameziacha. Nakili folda nzima ya kadi kama ilivyo.

Mafunzo mengi ya kuhariri huanza na madoido: maua yanayodondoka, jina la bwana harusi linalozunguka kwa dhahabu. Ningependa mwanafunzi akae wiki ya kwanza na klipu tatu mbovu, moja ya kila ugonjwa, apime mpaka aweze kutaja sababu kabla ya kugusa kipanya. Madoido atayapata hata usiku mmoja kwenye CapCut.

Kwa shangazi, ongea naye kabla ya siku. Simu yake ikiwa na mpangilio unaoiruhusu kushusha fremu gizani, uzime. Iachie nafasi ya kuhifadhi. Baada ya sherehe pokea faili kwa waya, si kwa WhatsApp, ambayo huibana video upya na kuishusha ubora. Na kwa kuwa zile ni picha za upande wa wanawake, kazi ikikabidhiwa zifute zote mbele yake, pamoja na nakala nyepesi, ambazo programu huzihifadhi kwenye folda nyingine na watu wengi husahau kwamba zipo.