Mpepeta Maneno

Mvuvi ana nyimbo zake, mtwangaji ana zake, na wapagazi wa zamani waliimba njia nzima kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Mtunga kamusi hana wimbo. Kazi yake ni ya kukaa kitako, miaka nenda miaka rudi, na watu humkumbuka siku wanapofungua kitabu wakalikosa neno wanalolitafuta. Leo nataka nimsifu, na nitamsifu kwa neno moja la Kiingereza, la herufi nne, ambalo kila mwanafunzi anadhani amelimaliza: "corn".

Muulize mwanafunzi wa Dodoma au wa Eldoret, atakujibu ni mahindi. Amepata, lakini amepata kwa upande wa Marekani. Uingereza neno hilo ni nafaka yoyote, na mkulima wa huko akilitamka kwa kawaida anakusudia ngano. Ukivuka kwenda Uskoti, likawa oti. Neno lilifuata tumbo: kila mahali lilishika nafaka inayowashibisha watu wa hapo. Walowezi wa Kiingereza walipofika Amerika wakakuta wenyeji wana nafaka wasiyoijua, wakaiita "corn" ya Wahindi, kwa kuwa wenyeji wenyewe walikwisha kupachikwa jina hilo la Wahindi. Baadaye "ya Wahindi" ikadondoka, "corn" ikabaki peke yake na mahindi yakawa yake.

Sisi nasi tukayaita mahindi, kana kwamba yametoka Bara Hindi. Waturuki wanayaita kwa jina la Misri. Wamisri wanayaita nafaka ya Sham. Waitalia wanasema ni nafaka ya Kituruki. Kila mmoja alimnyooshea kidole jirani, na mkulima wa Meksiko, aliyeyalima maelfu ya miaka kabla ya sote, hakutajwa na yeyote.

Hapo ndipo mtunga kamusi anapoingia na ungo wake. Neno likija peke yake halimwambii kitu. Anataka kujua limetamkwa wapi, lini, na nani, na limeketi karibu na maneno gani. Akikosa hayo anakataa kuandika, na kwangu mimi kukataa huko ndiko ufundi wenyewe. Hizi tafsiri za haraka za kwenye simu, zinazokupa jibu moja bila kukuuliza uko nchi gani, hazijajifunza kukataa.

Na jibu moja lina hasara. Kuanzia mwaka 1815 hadi 1846 Uingereza ilikuwa na sheria zilizobeba neno hilo katika jina lake, zilizozuia nafaka rahisi ya nje ili wenye mashamba wauze yao ghali. Mwandishi wa historia akizitafsiri kuwa Sheria za Mahindi, amemdanganya msomaji: ugomvi ulikuwa juu ya ngano hasa, na mkate wa maskini. Lakini ngoja. Viazi vilipooza Ayalandi mwaka 1845, Waziri Mkuu Robert Peel aliagiza kimyakimya kutoka Marekani shehena ya thamani ya pauni 100,000, na safari hii yalikuwa mahindi kweli. Vinu vingi vya Ayalandi havikuzoea punje ngumu kama zile, matumbo hayakuzoea unga wake, na watu wakayapa jina la kiberiti cha Peel kwa ule umanjano wake. Kwa hiyo katika sura moja ya kitabu neno lilelile ni ngano ukurasa huu na mahindi ukurasa unaofuata. Asiyepepeta atakula makapi.

Watafsiri wa Biblia waliujua mtego huu. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ndugu zake Yusufu walikwenda Misri kununua "corn". Waliotuletea habari hiyo kwa Kiswahili waliandika nafaka, wakatulia. Wangeandika mahindi, wangekuwa wameyapanda kando ya Mto Nile maelfu ya miaka kabla hayajavuka bahari. Hata wanafunzi wa Yesu, walipopita shambani siku ya Sabato wakiwa na njaa, kwa Kiswahili walivunja masuke. Hakuna aliyewachomea mahindi.

Kisha kuna maana ndogondogo, ambazo mimi ndizo zinanifurahisha zaidi. Nyama ya ng'ombe ya kopo ina "corn" katika jina lake la Kiingereza, wala humo hamna hindi. Ni punje kubwakubwa za chumvi zilizotumiwa kuikausha. Zamani Waingereza walihesabu kuwa punje tatu za shayiri zikilazwa kwa urefu, kichwa kwa mkia, zinafanya inchi moja, na namba za viatu vyao mpaka leo hupandia hapo: namba 9 inaizidi namba 8 kwa theluthi ya inchi. Anayechagua viatu vya mtumba Kariakoo anapimiwa mguu kwa shayiri bila kujua. Na huko Bermuda, katika mji wa St George's, Wamasoni hulipa kila mwaka kodi ya jengo la kale la serikali kwa punje moja ya pilipili manga. Punje hiyo ya shayiri na hiyo ya pilipili nazo zina "corn" katika majina yao ya Kiingereza, na katika yote hayo "corn" ni punje tu, kitu kidogo kigumu.

Sugu ya kidole cha mguu nayo Waingereza huiita "corn". Hapa fundi husimama. Ingevutia kusema sugu ni punje iliyoota mguuni, lakini neno hili limetoka kwa Kilatini, kwenye jina la pembe, wala halina udugu na lile la nafaka. Mtunga kamusi huyatenga, kila moja kidahizo chake. Kwetu anakutana na mtama: upo unaosagwa, na upo anaopigwa mtu miguuni akaanguka chali. Ni neno moja au mawili? Na penye kuku wengi usipomwaga mtama, ni nafaka gani hasa uliyoificha? Lazima aamue, na aweze kuutetea uamuzi wake.

James Murray alishika kazi ya kamusi kubwa ya Kiingereza mwaka 1879. Aliwaomba watu wa kawaida wasome vitabu na kumletea vikaratasi, kila kimoja kina neno na sentensi nzima lilimopatikana. Vikaja kwa mamilioni, na watoto wake wakawa wanavipanga kwa alfabeti kwa malipo ya senti kidogo. Ilipangwa iishe kwa miaka kumi. Alifariki mwaka 1915, na kitabu kilikamilika 1928. Huku kwetu, mmisionari Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, akazika mke na mtoto mwaka huohuo, alifariki 1881. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882. Padri Sacleux, aliyekusanya mimea pamoja na maneno ya pwani yetu, alisubiri mpaka 1939. Nyuma yao wote walikuwapo wenyeji waliojibu maswali, na wengi wao majina hayamo kitabuni. Hilo ni deni ambalo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, iliyotungwa Dar es Salaam kwa Kiswahili chenyewe, imelipa kwa sehemu.

Sehemu iliyobaki iko kwako. Kama kwenu kuna jina la mbegu, la suke changa au la pumba ambalo hulioni katika kamusi yoyote, liandike. Andika na sentensi nzima kama ulivyoisikia, kijiji, mwaka, na jina la aliyeisema kama ameridhia, kisha uwapelekee wanaotunga kamusi.