Vijitetemeko vya Parkfield: Uchambuzi wa Tafsiri Moja

Mezani petu umeletwa mswada wa tafsiri unaoeleza jinsi wataalamu wanavyofuatilia matetemeko madogo mno ya ardhi huko Parkfield, California, kwenye ufa wa San Andreas. Kiswahili chake ni laini na chapendeza. Hata hivyo istilahi kadhaa zinampotosha msomaji, na moja yaweza kumdhuru.

Vyombo vyenyewe vimeshushwa chini sana ardhini. Mtafsiri anasema vimewekwa "visimani", nasi tunamwona mwalimu akiulizwa na wanafunzi maji yako wapi. Tundu la kekee latosha. Anaongeza kwamba vimeepushwa na "kelele" za juu; lakini kinachokwepwa si sauti ya masikioni, bali mitikisiko ya upepo na magari, pamoja na udongo na miamba iliyolegea ambayo hufifisha mawimbi ya haraka.

"Kitetemeko" nalo tunalikataa, ingawa lina wapenzi hata humu ofisini: kiambishi ki- chaweza kudhaniwa cha chombo, kama katika kipimio. Kijitetemeko halina utata huo.

Katika hesabu, kosa zito liko kwenye ukubwa. "Ukubwa -1" umefasiriwa kuwa tetemeko "lisilo na ukubwa". Charles Richter alipotunga kipimo chake mwaka 1935, mahali pa sifuri aliteua tu. Sifuri hiyo haina maana ya utupu. Kila ngazi ni mara 10 ya kimo cha wimbi linaloandikwa na chombo, hivyo wimbi la hasi 1 ni sehemu ya kumi ya lile la sifuri, nalo bado ni tetemeko. Iandikwe "ukubwa hasi 1".

Linalotutia wasiwasi hasa ni kuviita "vyombo vya kutabiri". Vyombo hivi hufuatilia. Hapo hapo Parkfield wataalamu walitangaza mwaka 1985 kuwa tetemeko la ukubwa wa 6 hivi lingetokea ifikapo mwaka 1993. Likaja tarehe 28 Septemba, 2004, bila dalili ya wazi kutangulia katika vipimo. Mtumishi wa serikali asomaye "kutabiri" atangoja onyo ndipo aagize majengo yaimarishwe. Neno hilo lifutwe katika kurasa zote, na mswada urudishwe kwetu kabla ya kupigwa chapa.