Kupata Jamii au Kupata Wenzako? Tahakiki ya Istilahi za Wakusanyaji wa Michezo ya Video

1. Utangulizi

Hivi karibuni ililetwa mezani pangu rasimu ya tafsiri ya kijitabu kihusucho wakusanyaji wa michezo ya video huko Marekani: jinsi wanavyoitafuta michezo ya zamani, wanavyoitunza, na hasa jinsi wanavyofahamiana kwa njia ya intaneti. Mfasiri aliomba istilahi zake zipitiwe kabla ya kazi kupigwa chapa. Jina lake silitaji, kwani ni mfasiri hodari, na makosa nitakayoyaeleza si yake peke yake. Moja kati yake, tena kubwa kuliko yote, lilitoka katika meza hii ninayoandikia.

Yawezekana msomaji akauliza: jambo la michezo lina uzito gani hata tulishughulikie, ilhali istilahi za sheria na kilimo bado zina mapengo? Jawabu ni kwamba maneno yanayobishaniwa humu, yaani jamii, jumuiya, mkusanyaji, nakala na bandia, ni maneno ya kila ofisi na kila darasa. Michezo ni mahali tu ambapo udhaifu wa matumizi yetu umejitokeza waziwazi.

2. Dhana kabla ya neno

Hatuwezi kuhukumu istilahi kabla ya kuifahamu dhana. Mashine ya kwanza ya kuchezea michezo ya video nyumbani, Magnavox Odyssey, iliuzwa Marekani mwaka 1972. Atari 2600 ilifuata mwaka 1977, na mwaka 1983 kampuni ya Nintendo ilitoa Famicom huko Japani. Katika Atari na Famicom, mchezo ulihifadhiwa ndani ya kisanduku kidogo cha plastiki chenye kibao cha saketi, kinachochomekwa katika mashine. Sisi tuliokua na mashine za kuigiza Famicom tulikiita kaseti, nami nitalitumia neno hilo bila kuomba radhi.

Mkusanyaji wa vitu hivi hawezi kufanya kazi peke yake, na sababu zake ni tatu.

Kwanza, orodha kamili ya michezo iliyopata kutolewa haikuachwa na mtu yeyote. Mchezo uitwao Red Sea Crossing ulitengenezwa kwa ajili ya Atari 2600 mwaka 1983, lakini wakusanyaji hawakuujua kabisa hadi mwaka 2007, nakala yake ilipookotwa katika mauzo ya vitu vikuukuu vya nyumbani. Mtu mmoja aliyeshika kaseti hiyo hakuwa na njia ya kujua ameshika nini. Ilihitajika kuwapo wengine waliokwisha kuorodhesha maelfu ya kaseti, ndipo ijulikane kwamba hii haimo.

Pili, vitu vyenyewe vinachakaa. Baadhi ya kaseti, mathalani The Legend of Zelda iliyotolewa Marekani mwaka 1987, zina betri ndogo ndani yake inayotunza kumbukumbu za mchezaji. Betri ikifa, kumbukumbu hupotea, na kuibadili kunataka mtu ajuaye kutumia kifaa cha kulehemu bila kuharibu kibao. Vivyo hivyo, sote tulipokuwa watoto tulipuliza kaseti iliyokataa kufanya kazi. Wakusanyaji hufundishana kwamba unyevu wa pumzi huharibu vidole vya shaba, na kwamba dawa yake ni kusafisha kwa spiriti na pamba.

Tatu, soko limekwisha kuiacha michezo hiyo. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation ikishirikiana na Software Preservation Network ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani haiuzwi tena. Mwezi Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo ilikataa ombi la kuruhusu maktaba ziwafikishie watafiti walio mbali michezo ya aina hiyo. Kwa hiyo, sehemu kubwa ya historia hii iko mikononi mwa watu binafsi.

Watu hao walianza kutafutana kabla intaneti haijaenea. Jarida dogo la Digital Press lilianzishwa mwaka 1991. Maonyesho ya Classic Gaming Expo yalianza Las Vegas mwaka 1999. Na mwaka 2016 wakusanyaji watatu waliotokana na harakati hizo, yaani John Hardie, Sean Kelly na Joe Santulli, walifungua makumbusho ya National Videogame Museum katika mji wa Frisco, Texas. Mlolongo huu ni muhimu kwa hoja yetu: barua, jarida, intaneti, ukumbi, makumbusho. Intaneti ni njia mojawapo waliyopitia. Si mahali wanapoishi.

3. Jamii, jumuiya na wenzi

Rasimu ina sura yenye kichwa “Kupata Jamii Mtandaoni”. Hapa ndipo lilipo kosa letu. Neno “jamii ya mtandaoni” lilikuwamo katika orodha ya istilahi niliyoiandaa miaka michache iliyopita, nami niliipitisha kwa haraka kwa sababu magazeti yalikuwa yamekwisha kulizoea. Leo nalisoma kwa aibu.

Jamii, jumuiya, jamaa na hata Ijumaa yana shina moja la Kiarabu lenye maana ya kukusanyika. Lakini Kiswahili kimekwisha kuyagawia kazi mbalimbali, na hatuna ruhusa ya kuyachanganya upya. Jamii ni watu wote waishio pamoja, na mtu huzaliwa ndani yake bila kuulizwa. Twasema pia jamii ya paka na jamii ya mikunde, ambako hakuna uchaguzi kabisa. Sasa, mtu “apataye jamii” alikuwa wapi kabla ya hapo? Kwa msomaji wa Kiswahili, kichwa hicho chaeleza habari za yatima au mhamiaji. Hakielezi habari za karani wa Ohio anayetafuta watu wa kuzungumza nao juu ya Atari.

Jumuiya inakaribia zaidi. Ina kusudi, ina wanachama, mtu hujiunga na aweza kujitoa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mkataba wa kuianzisha tena ukatiwa saini mwaka 1999. Jamii za Afrika Mashariki hazikuvunjika hata siku moja. Mfano huo watosha kuonyesha tofauti.

Hata hivyo, jumuiya nayo ina mtego, hasa kwa wasomaji wetu walio watumishi wa serikali. Hapa Tanzania iko Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, na jumuiya kwa maana hiyo ni chombo kinachosajiliwa. Nawafahamu vijana wanne wa mji mmoja wa mkoani wanaokusanya mashine na kaseti kuukuu na kuzitengeneza. Waliandika barua kuomba ukumbi kwa siku moja ili waonyeshe vitu vyao. Katika barua walijiita “Jumuiya ya Wakusanyaji wa Michezo ya Video”, neno walilolitoa katika tafsiri ya namna hii hii. Ofisi iliyopokea barua ilitaka cheti cha usajili, orodha ya viongozi na katiba. Hawakuwa na hata kimoja, na ukumbi hawakuupata. Simlaumu mpokea barua. Alisoma neno kama lilivyo. Neno lililochaguliwa vibaya liliwafungia mlango vijana ambao hawakuwa na kosa lolote.

Basi, tutumie neno gani? Nadhani tumekuwa tukitafuta nomino pasipohitaji nomino. Kiswahili hupenda kulieleza jambo hili kwa kitenzi na kwa uhusiano: mtu hupata wenzake, hujumuika nao, huwa mwenzao. Neno “wenzake” lina kila kitu kinachotakiwa: usawa, shughuli moja, na hiari. Tena halidai katiba. Mtu aliyekuwa akichekwa na jirani kwa kuweka kaseti kuukuu kabatini, akakutana na mwingine aliye mbali mwenye kabati kama lake, hakupata jamii. Jamii alikuwa nayo, ndiyo iliyomcheka. Amepata mwenzake.

Fauka ya hayo, neno hili hubeba wajibu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo ilivyo kwa wakusanyaji. Mgeni huulizwa maswali yake na kujibiwa, lakini baadaye hutarajiwa kufungua kaseti yake na kupiga picha ya kibao kilichomo, kusahihisha orodha, au kumwelekeza mgeni mwingine namna ya kubadili betri. Jembe ndilo linalomfanya mwenzao. Rasimu imeliacha jambo hili lote kwa kuandika kwamba mtu “huwa sehemu ya jamii”, kana kwamba ni kipande cha mtambo.

4. Mkusanyaji, mhodhi na mlanguzi

Mfasiri ametumia “mkusanyaji” kwa kila mtu aliye na kaseti nyingi. Neno lenyewe ni zuri. Walimu wetu wanalijua katika ukusanyaji wa fasihi simulizi, ambako mwanafunzi huenda vijijini kusikiliza hadithi na methali, kisha akazirudisha ili zisomwe na wengine. Heshima ya mkusanyaji wa namna hiyo imo katika kurudisha.

Kijitabu, hata hivyo, kinataja watu wa aina tatu, na katika lugha ya asili kila mmoja ana jina lake. Yuko anayekusanya na kushirikisha. Yuko anayekusanya na kuficha, asiyekubali hata kitu chake kipigwe picha. Huyo Kiswahili kinamwita mhodhi. Na yuko anayenunua ili bei ipande auze kwa faida kubwa. Rasimu inamwita “mfanyabiashara”. Mfanyabiashara hajatukana mtu; kwa nini atwikwe lawama zisizo zake? Neno tunalo tangu zamani, nalo ni mlanguzi. Waliokuwa watu wazima mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, hawahitaji kufafanuliwa.

Suala hili si dogo kwa wakusanyaji. Mwezi Julai 2021 nakala moja ya Super Mario 64 ambayo haijafunguliwa iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 1,560,000. Mchezo huo si adimu hata kidogo. Mamilioni ya nakala zake yaliuzwa. Kilicholipiwa ni karatasi laini ya plastiki isiyopasuliwa. Bei ya namna hiyo humfanya mwenye kaseti aogope kuazima, na wenzi hugeuka kuwa washindani. Mfasiri asiyetenga mkusanyaji na mlanguzi ameyaficha magomvi yote ya kijitabu hiki. Lakini na tuwe waangalifu: si kila auzaye ni mlanguzi, na neno litumike pale tu mwandishi mwenyewe analaumu.

5. Hali za kaseti

Hapa rasimu imefasiri neno kwa neno, na matokeo yanachekesha. Kaseti isiyo na kisanduku chake imeitwa “iliyolegea”. Ile ambayo haijafunguliwa tangu kiwandani imeitwa “iliyotiwa muhuri”, hata msomaji akadhani imepitishwa na mahakama. Na kaseti iliyotengenezwa miaka ya baadaye kwa kunakili ya zamani imeitwa “kaseti ya uzazi”, jina ambalo lingefaa zahanati.

Kosa la mwisho lina madhara zaidi ya kicheko. Wakusanyaji hutofautisha nakala inayouzwa kwa jina lake, ikikiri kwamba ni mpya, na nakala inayouzwa kana kwamba ni ya asili. Ya kwanza humwezesha asiye na fedha kucheza. Ya pili ni udanganyifu. Tofauti haimo katika plastiki wala katika saketi, bali katika kauli ya muuzaji. Kwa hiyo “bandia” ibaki kwa ya pili peke yake.

6. Mapendekezo

Baada ya kupima usahihi, ufupi na kukubalika, napendekeza yafuatayo:

(a) “Kupata wenzako” au “kujumuika na wenzako” badala ya “kupata jamii”. “Jumuiya” itumike tu penye wanachama na masharti yaliyoandikwa.

(b) “Kwa njia ya intaneti” badala ya “ya mtandaoni”, pale intaneti ilipo njia ya kufahamiana.

(c) “Mkusanyaji”, “mhodhi” na “mlanguzi”, kila moja kwa maana yake.

(d) “Kaseti pekee”, “kaseti kamili” (yenye kisanduku na kijitabu chake) na “kaseti isiyofunguliwa”. Niliifikiria “kaseti tupu” kwa ile ya kwanza, lakini yaweza kudhaniwa haina mchezo ndani.

(e) “Nakala ya baadaye” kwa ile inayojitangaza, na “kaseti bandia” kwa ile inayodanganya.

7. Hitimisho

Orodha ile ya zamani nimekwisha kuiandikia barua ya masahihisho, na “jamii ya mtandaoni” imefutwa. Vijana wale wanne nao niliwashauri waandike ombi jipya. Halina neno jumuiya wala jamii. Linasema: “Sisi na wenzetu tunaokusanya na kutengeneza michezo ya video ya zamani tunaomba ukumbi kwa siku moja.” Jibu halijafika. Lakini safari hii wakikataliwa, watakuwa wamekataliwa kwa yale waliyoyaomba, si kwa neno tuliloliweka sisi vinywani mwao.