Nani Alimpa Nani

Andika ubaoni maneno mawili: Alimwambia ampe. Kisha uwaulize wanafunzi waliotoka kidato cha nne na kuingia chuoni hapa Garissa ni watu wangapi wamo ndani yake. Wengi watajibu mmoja. Wachache watasema wawili. Usiwaharakishe. Yuko aliyesema, yuko aliyeambiwa, na yuko wa kupewa, ambaye huenda ni yule yule msemaji au mtu wa tatu tusiyemjua bado. Na kuna kitu chenyewe cha kutolewa, ambacho hakikutajwa kabisa. Maneno mawili tu ya Kiswahili, na ndani yake kisa kizima. Anayeyapita mbio amekwisha potea kabla hajaifikia nukta.

Kazi yangu ni kukaa na watu mbele ya maneno mawili kama hayo. Nafundisha kozi ya maandalizi, ile wanayopitishwa wanafunzi waliofaulu kuingia chuoni lakini kurasa bado zinawashinda. Haina hadhi kubwa. Ukipangiwa, wenzako hukupa pole kana kwamba umefiwa. Mimi nimeipenda kuliko somo lolote nililowahi kufundisha, na ningependa ufundi wake ujulikane.

Kwanza, wanafunzi hawa hawaji mikono mitupu. Wengi wao, kabla ya kuijua shule, walikaa dugsi, madrasa ya Kurani, kibao cha loox mapajani, wakiandika aya kwa wino wa mkaa, wakizikariri, wakafuta na kuanza upya. Nyumbani walikuwa na lugha ambayo maandishi yake rasmi ya kilatini yaliamuliwa mwaka 1972 tu, lakini ambayo kwa karne nyingi kabla ya hapo ilibeba historia, kesi, mapenzi na vita katika mashairi ya gabay, na mambo ya wanawake katika mashairi yao ya buraanbur. Mshairi wa Kisomali hufungwa na sauti moja ya mwanzo wa maneno kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na wasikilizaji hutambua papo hapo akiteleza. Kijana aliyelelewa katika masikio ya namna hiyo humwiti dhaifu. Sikio lake ni kali kuliko langu. Ambacho hakijajengwa ni njia ya kutoka sikioni hadi machoni.

Kwa nini haikujengwa? Sababu nyingine ni za huzuni. Mnamo Novemba 2014 basi lilivamiwa Mandera wakauawa watu 28, walimu wakiwemo. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti hii hii ya Garissa, na baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji wakahamishwa kutoka eneo la kaskazini mashariki. Zikabaki shule ambazo aliyemaliza kidato cha nne jana ndiye aliyesimama mbele ya darasa leo. Walifanya walichoweza, na nawaheshimu. Lakini mtoto alijifunza kutamka ukurasa, hakujifunza kuuuliza.

Sababu nyingine ni mwongozo. Kila mwanafunzi wa Kenya anakijua kile kijitabu chembamba kinachokupa maudhui, wahusika na mbinu za uandishi za kitabu teule, tayari kwa mtihani. Nimekutana na vijana wanaoweza kunitajia sifa sita za mhusika mkuu wa riwaya ambayo hawajawahi kuisoma hata ukurasa mmoja. Siwalaumu, nakala ilikuwa moja kwa watu watano na mtihani haungoji. Ila msomaji hakui kwa sifa za mhusika. Hukua kwa kutaka kujua lililompata.

Ndiyo maana katika kozi hii tunasoma kitabu kimoja, kizima. Mara nyingi nachagua Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Kongowea, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anafiwa na mama na baadaye anafunga safari ya kumtafuta baba asiyemjua, hadi Kitale. Siku ya kwanza vitabu vinafungwa. Nasoma mimi, wao wanasikiliza, kama walivyozoea kusikiliza. Siku ya pili tunafungua ukurasa ule ule, na sasa macho yanapita mahali ambapo sikio limekwisha pita. Uso wa mtu akikutana kwenye karatasi na sentensi aliyoisikia jana, ni kama amemwona mtu wa kwao sokoni.

Halafu tunaanza kazi ya “nani?” Kwa kila kiambishi. A-, ni nani? -m-, ni nani? Msimulizi wa Siku Njema anasema “mimi” kila mara, na niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyedhani kwa juma zima kwamba ni mimi mwalimu ninayesimulia maisha yangu. Hakuna aliyemcheka. Tulisimama pale, tukamtafuta huyo “mimi” mstari kwa mstari, na alipompata, kitabu kikamfungukia. Somo lile lilichukua kipindi kizima na tulisoma nusu ukurasa. Nasikia wakaguzi hupenda kuuliza umefika sura ya ngapi.

Ufundi mwingine ni wa kunyamaza. Kisomali hakina sauti ya p, na kijana akisoma “bale” palipoandikwa “pale”, ulimi wa mwalimu huwashwa kumsahihisha. Ukimkatiza, amepoteza uzi wa kisa na ameambulia aibu. Mwache afike nukta, kisha muulize kilichotokea. Vivyo hivyo kuhusu lugha ya nyumbani. Wengi tulisoma katika shule ambazo ukisikika ukisema lugha ya mama unavishwa shingoni kibao cha aibu kiitwacho disk. Darasani kwangu, wawili wawili, wanasimuliana ukurasa kwa Kisomali kwanza, Wapokomo kwa Kipokomo, Wamunyoyaya kwa yao, ndipo turudi kwenye Kiswahili. Asiyeelewa ukurasa hawezi kuusimulia kwa lugha yoyote, kwa hiyo hapo ndipo ninapojua nani amefika na nani amekwama.

Siku moja walikwama kwenye maneno ya pwani. Darasa la watoto wa wafugaji linataka kamusi kila linapokutana na jahazi au upepo wa kusi, na kila anayefungua kamusi hurudi akiwa amesahau alikuwa akisoma nini. Nikawaomba wanihadithie jambo la ngamia, wachanganye Kisomali wanavyotaka. Msichana mmoja akaanza. Nirig alikuwa akilia usiku kucha, hal amekataa kumnyonyesha, qaalin wawili wamefungwa kando, na baarqab hakuna wa kumkaribia. Kiswahili changu kina ngamia tu, na nikijitahidi sana, ndama wa ngamia. Nikawaambia: simjui hata mmoja, lakini nirig ni mtoto, kwa kuwa ananyonya, hal ni mama yake, baarqab bila shaka ni dume, tena dume la kuogopwa. Nimejuaje? Wakakaa kimya kidogo. Kisha yule msichana akasema, “Umefuata nyayo, mwalimu.” Kwao kuna neno la kazi hiyo, raadraac, na kila mchunga ngamia aliyepotezewa mnyama anaifahamu. Tangu siku hiyo jahazi halikuwasumbua tena. Walitazama linavyotikisika, nani amepanda, linakwenda wapi, wakaendelea mbele.

Mji huu una historia yake ya kupeleka vitabu kwa watu. Mwaka huo huo ilipochapwa Siku Njema, huduma ya maktaba za kitaifa ya Kenya ilianza maktaba ya ngamia hapa Garissa: ngamia watatu, masanduku ya vitabu, hema, na mkutubi anayetembea mchangani kuwafuata wasomaji wa jamii zinazohama. Na huko Dadaab, tangu mwaka 2013, vyuo vikuu vya Kenyatta, Moi, York na British Columbia vilishirikiana kufundisha walimu wa shule za kambini, wengi wao wakimbizi waliokulia hapo hapo Ifo, Dagahaley au Hagadera, na maandalizi ya lugha na kusoma yalikuwa sehemu ya safari yao. Ngamia hufikisha sanduku. Kuanzia hapo inahitajika saa ya mtu na mtu, kitabu kikiwa kati yao.

Na kuna jambo nisiloweza kulipita. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha mji huu, wengi mno wakiwa wanafunzi. Januari 2016 masomo yakarudi. Ninapoingia darasani asubuhi nikaona vichwa vimeinama juu ya ukurasa mmoja, Msomali na Mkamba na Mluo wakibishana kama Kongowea angesafiri au asingesafiri, huwa nasimama mlangoni kidogo kabla ya kusalimia.

Yule msichana wa baarqab alimaliza riwaya mwezi wa tatu, wakati wa joto kali. Aliniomba aende na nakala nyumbani wikendi, kwao ng'ambo ya Modogashe, nikampa. Aliporudi alinieleza kwamba ayeeyo wake, ambaye hajui kusoma wala Kiswahili, alimtaka amsomee. Akawa anasoma mstari, anaufasiri kwa Kisomali, chai ya maziwa ikichemka, na bibi anasikiliza amefumba macho. Ilikwenda vizuri hadi mahali ambapo watu watatu wanazungumza chumbani. Bibi akafumbua macho akamshika mkono. “Ngoja,” akasema. “Nani amemwambia nani?”

Akarudi nyuma mistari minne, akaanza tena.