Roboti za Utah: magurudumu mazuri, lakini udongo je?

Wenzangu, video za University Rover Challenge zinapitaka kwa simu zetu, na wote tunasema: "Hawa watoto wako mbele!" Sawa. Lakini tuangalie vizuri hii mashindano inapima nini.

Ilianza 2007. The Mars Society inaipanga katika jangwa la Utah, Marekani, karibu na Hanksville. Wanafunzi wanatengeneza roboti ya magurudumu, isiyopita kilo 50, kama vile itatembea kwa sayari ya Mars. Wenye kuiongoza wanafungiwa fasi hawaioni. Wanafuata kamera tu.

Uzuri wake ni huu: kwa karatasi kila mchoro unatembea. Kule, vumbi ikiingia kwa moteri ao redio ikikatika nyuma ya kilima, hakuna prof wa kukupa pointi za huruma. Na jina kubwa halisaidie. Timu za Białystok, mji wa Poland wenye haurushe roketi, zilishinda 2011, 2013 na 2014.

Sasa kasoro. Timu zinapewa alama za GPS, na Mars hakuna GPS. Tena, unabonyeza, roboti inageuka palepale. Kutoka Dunia mpaka Mars ujumbe wa redio unachukua dakika 3 mpaka 22, kwenda tu. Wapangaji wako na jibu: roboti hii inasaidia watu wenye wako tayari kule. Nakubali, lakini vile wanafunzi wanajifunza zaidi kuendesha kuliko kufikiri mbele.

Kwangu mimi agronome, shida kubwa iko kwa kazi ya sayansi: kuchukua udongo, kuupima, kusema kama kuna uhai ao hapana. Sisi tulifundishwa kwamba shimo moja haiseme shamba. Unachota fasi mingi, unachanganya, ndipo unapeleka kwa laboratware. Na udongo wa Utah umejaa vijidudu. Kusema "uhai uko" ni rahisi. Kigumu ni kuonyesha kama haukuletwa na chombo chako mwenyewe.

Tukumbuke Viking, 1976. Kipimo kimoja kilitoa alama kama ya uhai. Kingine, chenye kilichoma udongo, hakikupata vitu vya kaboni vya kutosha kuitetea. Mwaka 2008 Phoenix ikakuta pakloreti katika udongo wa Mars, chumvi yenye ikipata moto inaharibu vitu hivyo. Maana yake, chombo kinaweza kuwa kilifuta kile kilikuwa kinatafuta! Mabishano hayajaisha.

Kwa hiyo, ningekuwa jaji, ningewekea timu dakika chache za kuchelewa, na ningewapa pointi za juu wale wenye kusema: "Hatuna hakika, na sababu ni hii." Gurudumu yenye kukwama katika mchanga, utaiona kwa kamera. Jibu la uongo kuhusu udongo linapita bila mtu kuliona, iwe Utah, iwe kwa shamba ya mukulima wetu.

Munaonaje?