Mapinduzi Redioni, Kosa Mkononi mwa Mtoto

Riwaya ya Gaël Faye, Petit pays, iliyotoka 2016, hapa kambini inapita mkono hadi mkono mpaka kurasa zinalegea. Wasiosoma Kifaransa wengine wameiona filamu yake ya 2020. Tunaipenda, na tuna haki ya kuipenda. Lakini kitabu unachokipenda ndicho cha kukiuliza maswali magumu, na langu ni hili: katika kitabu hiki, nani anabeba lawama ya Oktoba 1993?

Chukua ile sehemu ya redio. Faye anatukumbusha desturi ya Bujumbura: jeshi likishapindua serikali, redio inapiga muziki wa kale wa Ulaya. Anayapanga mapinduzi moja baada ya jingine, la Micombero 1966, la Bagaza 1976, la Buyoya 1987, kila moja na muziki wake. Halafu inakuja 21 Oktoba 1993, na redio inapiga Wagner. Ni sehemu nzuri sana. Aliyewahi kuamka akakuta redio haina habari anajua tumbo linavyokata. Ila hebu tazama kinachotokea hapo: mapinduzi yanakuja kama mvua. Hakuna aliyekaa mezani akapanga, wala aliyetoa amri.

Walikuwepo. Melchior Ndadaye alichaguliwa Juni 1993, akatawala miezi 3 hivi, akauawa na askari wa jeshi la nchi yake. Spika wa bunge, Pontien Karibwami, na naibu wake, Gilles Bimazubute, waliuawa pia. Na si magwanda peke yake. Aliyewekwa mbele ya kamati ya waliopindua alikuwa raia, François Ngeze, waziri wa zamani wa Buyoya. Huko vilimani nako, tume ya Umoja wa Mataifa ya 1996 ilikuta kwamba Watutsi waliuawa kwa uchochezi wa baadhi ya viongozi wa chama cha Ndadaye mwenyewe, hadi ngazi ya komini, na kwamba jeshi likaua Wahutu ovyo kulipiza. Wote hao walikuwa na ofisi, mihuri na watu wa kuwatii.

Sasa linganisha na mwisho wa riwaya. Gaby, mtoto bado, analazimishwa na vijana wa mtaani kurusha kiberiti cha gesi kwenye gari lenye mtu aliyemwagiwa petroli. Hapo Faye hafichi kitu. Tunauona mkono, tunasikia vitisho, tunajua nani alisema nini. Kwa hiyo anayehesabiwa kosa kwa undani kuliko wote ni mtoto aliyelazimishwa. Wakubwa wamebaki kuwa muziki redioni.

Utaniambia: msimulizi ni mtoto, angejuaje mambo ya kambi za jeshi? Sawa. Lakini anayekumbuka ni Gabriel mtu mzima, anayeishi Ufaransa, na hao wapinduaji wa zamani anawataja kwa majina na tarehe bila shida. Angeweza kuuliza zaidi. Hakuuliza.

Mahakama nazo zilijaribu, na matokeo tunayajua. Mwaka 1999 watu 5 walihukumiwa kifo, maafisa wa juu wakaachiwa. Oktoba 2020, miaka 27 baada ya tukio, Buyoya na wenzake 18 walipewa kifungo cha maisha, wengi wao hawakuwepo mahakamani. Buyoya aliipinga hukumu hiyo akisema ni ya kisiasa, akafariki Paris Desemba hiyo hiyo. Hata ukiikubali hukumu ile, iligusa kifo cha rais. Waliokufa vilimani, wa pande zote mbili, kesi yao ile haikuwa yao.

Nayasema haya kwa sababu na sisi tunaandika hivyo hivyo. Pitia mashairi na hadithi zetu: "vita vilizuka", "watu waliuawa", "nchi iliharibika". Vitenzi vyote havina mwenyewe. Kiswahili chenyewe kinatuponza, maana neno mapinduzi tunalitumia kwa wananchi wanaodai haki na kwa maafisa wanaoiba kura usiku. Najua kwa nini tunafanya hivyo. Jirani wa foleni ya mgao anaweza kuwa mtoto wa mtu unayetaka kumtaja, na jina likitajwa vibaya linachoma kijiji kizima. Ndiyo maana nasema tutaje mtu na cheo chake, tusitaje kabila lake. "Wao walituua" ni sentensi inayomwachia kanali na msimamizi wa komini waende zao, halafu inamkamata mama anayechota maji nasi bombani.

Kisomeni Petit pays, kinastahili. Mkifika kwenye ile sehemu ya redio, zimeni muziki kidogo, mwulize nani alikuwa studio, na nani alimtuma.